Neno na jirani zake

Kamusi ya baba haikuwa na jalada. Aliinunua Busia kwa mchuuzi wa vitabu vya mitumba, akaifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji, na mgongoni akaandika kwa wino mwekundu: KISWAHILI. Ilikaa juu ya redio nyumbani kwetu Walukuba, Jinja, mtaa ambao Msoga, Mteso, Mjaluo na Mlugbara hupatana bei, hugombana na huchumbiana kwa Kiswahili.

Nikiwa darasa la sita, baba alinituma nitafute "kipupwe". Nikalipata: majira ya baridi. Lakini macho hayakutulia hapo. Juu kidogo palikuwa na kipungu, ndege mkubwa anayewinda. Chini, kipusa, pembe ya kifaru. Chini zaidi, kipwa: mwamba unaochomoza baharini maji yakipwa. Hilo la mwisho lilinishika. Mimi mtoto wa ziwani, na ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Kumbe wako watu wanaouona mwamba saa nne asubuhi, ikifika saa kumi haupo, na wamelizoea jambo hilo hata wakalipa jina fupi kiasi hicho!

Hiyo ndiyo raha ya kamusi ya karatasi. Simu ninayo, na kila siku naitumia kutafuta maneno. Inanipa nililoliuliza, basi. Kipwa nisingekiuliza kamwe, maana mtu haulizi asichojua kuwa kipo.

Tena kamusi inakutaka uende kwake umejiandaa. Ukikutana na "hawakupatanishwa", usilitafute kwenye H. Unalivua nguo moja moja: ha-, wa-, ku-, kisha -w-, -ish-, -an-, mpaka unalikuta "pata" limekaa ndani peke yake. Mara ya kwanza kuona kwamba upatanisho umetoka kwenye kupata, nilikaa kimya kitambo. Mwalimu hakuwahi kuniambia hilo. Nililifikia kwa kidole.

Na kwetu Uganda kulikuwa na jambo jingine. Nilikua nikisikia kwamba Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi. Kitabu kizima kinachoeleza Kiswahili kwa Kiswahili, kila nomino na ngeli yake, kila kitenzi na alama yake ya "kt", kwangu kilikuwa ushahidi kwamba si kweli. Ukubwani nikajua nasaba yake. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki ilikuwa na makao Makerere miaka ya 1950, kabla ya kwenda Mombasa na hatimaye Dar es Salaam, na kutoka kwake ikapatikana taasisi iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kazi hiyo ilipita Kampala, hapa hapa, na bado tunaambiana kwamba Kiswahili ni cha wageni.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Nilifurahi sana. Lakini shule nilizoingia mimi, kamusi ikiwepo imefungiwa kwenye kabati la mwalimu mkuu, isije ikachakaa. Naomba ichakae. Iwekwe dirishani, ishikwe na mikono yenye mafuta ya mandazi, ing'oke jalada kama ile ya baba. Mtoto apewe nusu saa bila swali la kujibu, aifungue popote.

Mwaka jana nilifika Mombasa kwa mara ya kwanza. Asubuhi nilikaa ufukweni Nyali, nikangoja. Maji yakarudi nyuma taratibu, mwamba ukatokea, mweusi, umejaa mashimo, na kaa wawili juu yake. Nikampigia baba.

"Mzee, nimekiona kipwa."

Akaniambia nisikate simu. Nikasikia akizima redio, kisha karatasi zikichakarika.