Siku Tisa za Maji ya Baridi

Januari ya mwaka 2011 ilinikuta Leeds, kaskazini mwa Uingereza, nikiwa mpangaji katika nyumba ya bibi mmoja mjane aliyekuwa mkarimu kwa kila kitu isipokuwa gesi. Jioni ya pili, tukinywa chai, aliniuliza maisha ya bweni kwetu yalikuwaje. Nilitaka kumweleza kwamba kule Njombe tulikuwa tukiamshwa na kengele saa kumi na moja alfajiri, tukaoge maji ya ndoo yaliyolala nje usiku kucha. Nilikumbuka kwamba mwalimu wetu alitufundisha "used to" kwa mambo kama hayo, ila sikukumbuka kwamba alitukataza kuitanguliza na "am". Nikasema kwa kujiamini kabisa: "I am used to bathing in cold water."

Uso wa bibi uling'aa. Nilidhani amevutiwa na simulizi, kumbe nilikuwa nimemwambia kwamba maji ya baridi nimeyazoea, na kwamba siku zote ndiyo yangu. Kesho yake nilifungua bomba la bafuni nikapiga ukelele ambao kwetu ungeleta majirani na marungu. Boila ilikuwa imezimwa, na bibi alikuwa akinisubiri kwenye ngazi anipongeze kwa kuwa mpangaji wa kwanza asiyempandishia bili.

Mchana nilifungua kitabu changu cha sarufi, nikasoma kwamba mazoea ya zamani huelezwa pia kwa "would", nikakifunga kabla ya aya iliyofuata, kwa maana nilikuwa na haraka na vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Jioni nikamwambia, "I would bathe in hot water", nikimaanisha kwamba kabla ya bweni, nyumbani Morogoro, nilikuwa nikioga maji ya moto. Akasubiri. Nami nikasubiri. Hatimaye akauliza, "Kama nini?" Kwa sikio lake, "would" iliyokuja peke yake, bila kutajiwa enzi yoyote iliyopita, ilikuwa sentensi ya masharti iliyokatika katikati: ningeoga maji ya moto, kama...

Nikajaribu kujinasua: "At home we would have a water heater." Hapo ndipo nilipozama. Aya ile niliyoiruka ilieleza kwamba "would" hubeba matendo yaliyokuwa yakirudiwa, kama kuteka maji au kuimba, lakini haibebi hali, kama kuwa na kitu, kuishi mahali au kumjua mtu. Kwa hiyo alichosikia bibi ni kwamba kwetu tungekuwa na hita, laiti tungejaliwa uwezo. Macho yakamlengalenga. Usiku nilikuta kitandani chupa ya mpira yenye maji ya moto, imevikwa soksi ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Boila, hata hivyo, haikuwashwa asubuhi, nadhani kwa sababu aliona si vizuri kumbadilishia maskini mazoea yake kwa ghafla.

Niliyavumilia hayo siku tisa, nikioga kwa kata mbili na dua ndefu. Siku ya tisa nikamsimulia mwanafunzi mwenzangu kutoka Ghana, ambaye alicheka hadi akalazimika kuketi, kisha akanifundisha: ondoa "am", ondoa "-ing", sema "I used to bathe", na mtu yeyote ataelewa kwamba jambo hilo ulilifanya zamani na umeshaliacha. Nilikariri sentensi hiyo ndani ya basi njia nzima, abiria wa jirani akahama kiti.

Nilipoingia nyumbani nikaitamka bila kosa hata moja. Bibi alishusha miwani, akanitazama kwa makini, akauliza, "Umeacha lini?"

"Leo," nikamjibu, "saa moja na nusu asubuhi."