Mshauri mwanafunzi na mteja mtu mzima: asikilize tu ama aseme kitu?

Mtu mzima akienda kwa mshauri nasaha ambaye bado ako atachimenti (mafunzo ya vitendo ya mwanafunzi), lalamiko huwa ni lile lile: nimepanda matatu mbili kutoka Kayole, nimeomba ruhusa kazini, nimekaa saa nzima naulizwa "na hapo ulijisikiaje", nimerudi na shida yangu vile nilivyoenda nayo. Wanafunzi nao wanajitetea kwamba wamefunzwa wasimwambie mteja la kufanya. Naona wote wana haki, ila si kwa kiasi sawa.

Tuanze na wanafunzi. Kwenye hizi kozi unakutana mapema na Carl Rogers, yule mwanasaikolojia wa Marekani aliyeshikilia kwamba mteja ndiye anajua kinachomuuma na pa kuelekea, kazi ya mshauri ni kumwelewa kwa dhati, kumpokea bila masharti na kutojifanya mtu mwingine. Mwaka 1957 aliandika kwamba hali za namna hiyo zikiwepo zinatosha kumbadilisha mtu. Kwa mteja mtu mzima naona hoja hii ina uzito sana. Chukua mama wa miaka 48, alimdhamini bwanake loni ya sacco, bwana akaacha kulipa, sasa akiba ya mama ndiyo inakatwa, anamgeukia mshauri wake, msichana mwanafunzi wa miaka 24, anamuuliza, "Sasa wewe mwanangu unaonaje, niondoke ama nivumilie?" Huyo msichana akisema ondoka, amesema kwa msingi gani? Hajui watoto wataenda wapi, hajui shamba limeandikwa jina la nani, hajui kama huyo bwana hupiga, na tena atachimenti ikiisha yeye anaenda zake, mama anabaki na huo uamuzi peke yake. Kukataa kujibu hapo si uoga, ni heshima.

Lakini sasa kukataa kujibu kukiwa ndiyo mbinu yote, hapo mteja ana haki kukasirika. Kule Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na nyanya 14, yaani mabibi wazee, mtaa wa Mbare, Harare, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wanamsikiliza, halafu wanamsaidia achague shida moja na hatua ya kuanza nayo, na matokeo ya utafiti yaliyochapishwa 2016 yalionyesha watu wenye sonona (huzuni nzito isiyoisha) na wasiwasi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hapa Nairobi pia wahudumu wa afya ya jamii walifunzwa mpango wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa vikao vitano, wakawahudumia kina mama waliopitia ukatili, na matokeo yaliyotoka 2017 yalikuwa mazuri. Kwenye vikao mtu hufunzwa kupumua polepole mwili utulie, kugawa shida vipande, kurudia shughuli ulizoacha, kutafuta watu wa kukushika mkono.

Wengine wakisikia hivyo wanasema si unaona, watu wanataka kuambiwa. Mimi siioni hivyo. Kazi ya nyanya si kumwambia mtu aache bwana, na ule mpango wa WHO unawaelekeza wahudumu wasitoe ushauri wao binafsi, wanachotoa ni mbinu na mpangilio, uamuzi unabaki kwa mwenyewe. Kwa hiyo yule mwanafunzi amwambie tu mama, "Mama, la kuondoka siwezi kukuamulia, lakini kabla ya leo kuisha tuandike ni nini unaogopa ukikaa na nini unaogopa ukiondoka, na kesho uulize sacco deni limebaki ngapi." Mama anatoka na kitu mkononi. Na kikao cha kwanza aambiwe wazi kwamba huyu ni mwanafunzi, ana msimamizi anayempitia kazi yake, asipotaka aseme. Kumficha mtu mzima jambo kama hilo sijaona sababu yake hata moja.

Kuna mahali pamoja tu Rogers anawekwa kando, mteja akisema amechoka kuishi. Hapo mwanafunzi aulize moja kwa moja, unafikiria kujiua? Umepanga vipi? Kisha ampigie msimamizi mteja akiwa bado amekaa pale. Zamani mtu aliogopa kujibu manake kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai hapa Kenya, lakini Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kinakiuka katiba, na hiyo nayo mteja anastahili kuambiwa pale pale.