Sikudumbukia Mferejini, Mfereji Ndio Ulipanda Botini

Niweke kumbukumbu sawa kabla hamjalala na uongo. Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu, ambayo jamaa yangu anacheka mpaka anapaliwa, inasema nilidumbukia kwenye mfereji wa Bangkok na begi langu mgongoni. Sikudumbukia. Mimi ni mtoto wa Kigamboni, Dar es Salaam, nimekulia kwenye pantoni, na mtu wa Mbezi kama yeye hana cha kunifundisha kuhusu vyombo vya majini. Mimi nilikaa kwenye benchi kwa adabu zangu zote. Mfereji ndio ukapanda botini, ukapita mdomoni mwangu, ukaendelea na safari kwa abiria wengine. Hizo ni kesi mbili tofauti kabisa.

Wenye haraka ya kucheka ngojeni. Kwanza muijue hiyo boti, la sivyo hamtaelewa kwa nini benchi zima lilinichukia.

Ukija Bangkok na hela ya mawazo utaishia kulala mtaa wa Khaosan au vichochoro vya jirani, kwenye hosteli zenye vitanda vya juu na chini. Ubaya wake, treni haifiki pale. BTS, ile treni ya juu, inapita mbali huko, MRT, ile ya chini ya ardhi, kituo cha karibu ni Sam Yot na bado utatembea, na teksi ukiipanda jioni utakaa kwenye foleni mpaka uwajue watoto wa dereva kwa majina. Dawa yake ni boti za mfereji wa Saen Saep. Mfereji wenyewe ulianza kuchimbwa mwaka 1837, enzi za mfalme Rama III, ukakamilika 1840, ili askari na mizigo vifike upande wa mashariki. Siku hizi unabeba watu wa maofisini, wanafunzi na washamba wenye mabegi.

Mimi na jamaa yangu tulienda kwa miguu hadi gati la Phan Fa, karibu na kilima cha hekalu la Wat Saket, lile lenye kuba la dhahabu. Wakati ule hapo ndipo njia ilikoanzia, kwa hiyo tuliikuta boti imetulia na nafasi zipo. Nauli ni baht kumi na kitu au ishirini na kitu, kutegemea unakoshuka, na unalipia humohumo ndani. Andaa sarafu na noti ya ishirini. Ukimtolea kondakta noti ya elfu moja, shauri yako. Tiketi usiitupe, maana Pratunam wote mnashuka mnahamia boti nyingine, na kinachokuvusha ni kikaratasi hichohicho.

Kondakta naye haingii ndani. Anatembea nje, kwenye ukingo wa boti, mkono mmoja kwenye kamba, mkono mwingine unakata tiketi, boti ikiwa mbio. Kichwani kavaa helmeti, na siyo urembo: madaraja mengine yako chini kiasi kwamba boti inalazimika kushusha paa lake ili ipite. Mlango hakuna. Unakanyaga ukingo, unashika kamba, unainama, unaingia. Magati ya njiani wanasimama sekunde chache tu, kwa hiyo begi lihamishie kifuani mapema, na pasipoti iwe ndani ya mfuko wa plastiki. Hilo la plastiki nililifuata, mnipe maksi zangu hapo.

Sasa turubai. Kila upande wa boti kuna turubai refu la plastiki, na limefungwa kamba inayopita kwenye kapi huko juu. Ukivuta kamba, turubai linapanda na kuwakinga watu na maji. Ukiachia, linashuka ili abiria waingie na kutoka. Anayevuta ni nani? Aliyekaa pembeni. Hakuna barua ya ajira wala mafunzo. Ukikaa pembeni, umeshaajiriwa.

Mimi nilikaa pembeni. Nilitaka upepo na picha.

Safari yenyewe ilikuwa ya Nana Nuea, tushukie pale tukale mandi kwenye ule mtaa wa Waarabu, Soi 3/1, maana wali wa hosteli ulikuwa umetushinda. Jamaa yangu alikaa benchi la nyuma, katikati, simu mkononi anarekodi. Kumbukeni hiyo simu. Mimi pembeni, kulia kwangu mama mmoja wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linang'aa, kapakata mfuko wa matunda. Baada yake wanafunzi wawili na sare zao.

Boti ikaondoka. Mbele tukaiona nyingine inakuja. Mama akaninyooshea kidole kuelekea kwenye kamba. Nikavuta. Pwaa! Maji yakapiga turubai kwa nje, ndani wote wakavu. Jamani, sijawahi kujiona wa maana vile. Nikaanza kuiangalia ile kamba kwa mapenzi. Gati la Bobae nikaachia, watu wakaingia, nikavuta tena bila kuambiwa. Nikamgeukia jamaa yangu, nikamwambia, "Unaona? Huu ni uzoefu wa pantoni." Hiyo nayo ameirekodi.

Tumeiacha Bobae, inakuja boti nyingine, hii imejaa na imekamia. Nikavuta kamba mapema, kikomandoo. Ikatupita. Pwaa! Wakavu. Yule mama akanigeukia, akatabasamu, akainamisha kichwa kidogo. Ananishukuru.

Sasa hapa twende polepole.

Hosteli walikuwa wametufundisha wai: unakutanisha viganja kifuani, unainamisha kichwa. Mtu mzima kakuonyesha heshima, na wewe umelelewa, utafanyaje? Nikakutanisha viganja. Vyote viwili. Hebu piga hesabu mwenyewe hapo ulipo: mikono miwili ikiwa kwenye wai, kamba inabaki na mikono mingapi?

Nikasikia kapi linalia juu ya kichwa. Kriiii. Nikahisi turubai linanipitia begani linashuka. Jua likaingia. Nikauona ukuta wa zege wa mfereji, nikaona nguo za watu zimeanikwa dirishani, nikawaza, mbona pazuri hivi. Na mdomo ulikuwa wazi, kwa sababu nilikuwa katikati ya kusema "sawasdee khrap", salamu yao ya Kithai, na nilikuwa sijafika kwenye "khrap".

Wanaoijua Saen Saep wanajua ambacho mimi nilikuwa sikijui. Mfereji ni mwembamba na kingo zake ni kuta za zege zilizosimama wima. Boti mbili zikipishana, wimbi la kwanza ndilo unaloliona. Halafu linakwenda kugonga ukuta, halina pa kupotelea kwa sababu hakuna mchanga wala majani ya kulipokea, linarudi. Ndiyo maana wenyeji hawaachii kamba boti ya pili ikishapita. Wanasubiri. Mimi nilikuwa napiga wai.

Likarudi. Lilikuja kwa usawa wa uso, zima, rangi ya chai ya maziwa iliyochacha. Nilionja dizeli kwanza. Nikaonja matope. Kukawa na kitu cha tatu ambacho sitaki kukijua mpaka kiama. Halafu, wadau, nikameza. Siyo kwamba niliamua. Koo lenyewe lilishtuka.

Nilipofumbua macho, boti ilikuwa kimya, ukiondoa injini. Yule mama alikuwa bado amenigeukia, lile tabasamu lake halijaisha vizuri. Miwani ina matone. Tone moja likateleza polepole kwenye kioo, likaning'inia kwenye fremu, na hakulifuta. Shati jeupe lilikuwa na mchoro wa wimbi, kutoka begani hadi kiunoni. Wanafunzi wamekumbatia madaftari. Mimi nimeloa chapachapa.

Mtu mwenye akili angekaa hivyohivyo. Mimi nikasema nirekebishe. Nikairukia kamba, nikavuta kwa nguvu zangu zote za Kigamboni. Turubai likishuka halilali bapa, linajikunja na kutengeneza mfuko kwenye ukingo. Na mfuko ule ulikuwa umeshajaa. Nilipovuta ukapanda, ukafika usawa wa mapaja, ukapindukia ndani. Wote. Mpaka kwenye matunda.

Hapo ndipo kwenye video mnasikia ule mlio kama wa bata. Siyo mimi. Ni jamaa yangu anacheka.

Yaliyofuata hayana maelezo mengi. Mandi hatukula. Nilisukutua kwa chupa mbili za maji. Mfamasia aliponiona na kusikia neno Saen Saep hakuuliza la pili, akanipa pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji, na usiku huo nilizihitaji, inatosha hapo. Nguo zikaingia kwenye mashine ya kufulia ya sarafu, zikatoka na harufu, zikarudishwa. Ile suruali pana yenye michoro ya tembo mnayoiona kwenye picha niliinunua kwa sababu sikuwa na nyingine kavu, siyo kwamba nimebadilika, acheni maneno.

Na mnaouliza inbox yule mama aliishia wapi: Pratunam tulishuka wote, na boti ya pili tukapanda ileile. Nikafika kwenye benchi, pembeni pako wazi, nikataka kukaa. Akanizuia kwa mfuko wa matunda. Akanionyesha katikati kwa kidole, nikaenda katikati. Akakaa yeye pembeni, akaizungusha kamba mkononi mara mbili, akaangalia mbele. Jamaa yangu alijaribu kumshukuru kwa wai. Hakumjibu mpaka tunashuka, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.