Uwiano wa 0.1 haulipi ada ya wakala

Ukisema mbele ya chama cha wawekezaji Kisumu kwamba bei za Soko la Hisa la Nairobi hazitabiriki, utaulizwa: mbona faharisi (kipimo cha mwendo wa bei za hisa kwa jumla) ikipanda leo, kesho nayo hupanda? Swali ni la haki. Hata watafiti Lo na MacKinlay, mwaka 1988, walikataa dhana ya mwendo wa kubahatisha (kwamba mabadiliko ya bei yaliyopita hayasemi lolote kuhusu yajayo) kwa marejesho, yaani faida au hasara, ya kila wiki ya hisa za Marekani.

Ila wanaotetea ufanisi wa soko, yaani wazo kwamba huwezi kulishinda soko kwa kutabiri bei, hawasemi bei ni sahihi kila mara. Wanasema makosa yake hayakulipi ukishatoa gharama. Chukua siku 1,000 za biashara, uwiano wa mabadiliko ya leo na ya jana (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni kufuatana kikamilifu) utoke 0.1. Kosa sanifu, yaani kiasi ambacho bahati pekee huweza kuuyumbisha uwiano huo, ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 1,000, karibu 0.032, na 0.1 ni kama mara tatu yake, kwa hiyo si bahati tu. Lakini nguvu ya kueleza hupatikana kwa kuzidisha uwiano kwa wenyewe, na 0.1 mara 0.1 ni 0.01: jana inaeleza asilimia 1 ya mtikisiko wa leo. Hisa iliyopanda asilimia 2 jana inakuahidi asilimia 0.2 leo. Wakala akikata asilimia 1.5 unaponunua na 1.5 unapouza, umekula hasara kabla ya chai ya saa nne.

Na hiyo 0.1 mara nyingi hutoka kwenye hisa zisizouzwa. Habari ikitoka Jumatatu, Safaricom hubadilika palepale. Hisa iliyokosa mnunuzi hubaki na bei ya Ijumaa hadi Jumatano. Faharisi huonekana inakumbuka, kumbe inachelewa kuhesabu, na bei hiyo ya Ijumaa hakuna atakayekuuzia. Pima Jumatano hadi Jumatano, ondoa siku zenye mauzo sifuri, kisha urudie.

Kosa lingine sisi wa magharibi mwa Kenya tunalijua kwa jina: kampuni ya sukari ya Mumias Sugar, iliyowekwa chini ya mrasimu (msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni) mwaka 2019. Ukijaribu kanuni ya “nunua zilizoanguka” kwa kampuni zilizosalia sokoni leo pekee, umeshazifuta zilizozama, na kanuni itang’aa bure.

Kwa miaka mingi, sawa, mwanauchumi Shiller ana hoja: bei zikizidi mno magawio (sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa), marejesho ya baadaye huelekea kupungua. Mwenzake Fama, mtetezi wa ufanisi wa soko, huita hayo malipo ya hatari yanayobadilika. Wote walipewa Nobel mwaka 2013. Lakini faharisi ya NASI, inayopima hisa zote za Soko la Nairobi, ilianza 2008. Ukiikata kwa vipindi vya miaka mitano visivyopishana unapata vitatu, na kwa nukta tatu karibu mstari wowote utaonekana kufaa.