Bia ya hopsi na ugonjwa wa kuhamisha-hamisha

Juzi kijana mmoja wa hapa Tacoma, jimbo la Washington, kanipigia simu. "Shikamoo dada, nimeshanunua vyombo vyote." Marahaba, hongera. Akaanza kunisomea risiti: ndoo yenye mfuniko, mpira wa kufyonzea, vizibo, halafu dumu la kioo la lita 19. Dumu la nini tena? "Muuzaji kasema bia ikishachacha niihamishie humo, ikae wiki tatu itakate." Nikamuuliza anapika bia gani. Pale ale, ile bia ya rangi ya dhahabu, tena yenye hopsi za kutosha (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), ile inayonukia maganda ya balungi.

Hapo hasira zikanipanda, na mpaka naandika hazijashuka.

Huo ni ushauri wa enzi za hamira iliyochoka, watu walipoogopa bia ikikaa juu ya mashapo yake itaoza. Hamira ya pakiti ya siku hizi ni nzima. Iache bia kwenye ndoo ileile wiki mbili, hata tatu, hakuna kitakachoidhuru. Kinachoidhuru ni hewa. Mbona hilo hawalisemi dukani? Labda kwa sababu hewa haiuzwi, dumu linauzwa.

Hopsi ukizichemsha saa nzima zinakupa uchungu tu, harufu yote inaondoka na mvuke. Ndiyo maana kwenye pale ale tunabakiza nyingi za mwisho: kiasi moto ukishazimwa, na gramu 50 au 60 nyingine ndani ya ndoo hamira ikikaribia kumaliza kazi. Mafuta ya hopsi hizo za mwisho ndiyo uliyolipia, na mafuta hayo hayapatani kabisa na hewa. Nenda ng'ambo ya milima, bonde la Yakima, zinakotoka hopsi nyingi za Marekani. Zinavunwa kuanzia mwishoni mwa Agosti, zinakaushwa, zinafungwa kwenye mifuko iliyoondolewa hewa, zinawekwa kwenye baridi kali. Watu wote hao wanahangaika hewa isiziguse. Halafu wewe unazitia kwenye bia, na wiki inayofuata unaimwaga bia hiyo kutoka chombo kimoja hadi kingine ikibubujika kama chai ya mkahawani inayopozwa kwa vikombe viwili. Hongera sana.

Zingatia wakati, maana wengi wanachanganya. Kabla ya hamira kuanza kazi, tikisa ndoo upendavyo; hamira inaihitaji hiyo hewa ili izaliane. Ikishaanza, basi. Hewa utakayoingiza baada ya hapo itakutafutia mabaya: rangi ya dhahabu inageuka hudhurungi, balungi linatoweka, kinabaki kitu kitamu-kitamu chenye ladha ya boksi lililolowa. Na mpishi mgeni akilalamika ataambiwa nini? "Hukusafisha vyombo vizuri." Kila kosa duniani ni uchafu! Kijana wa watu anarudi dukani kununua dawa kali zaidi ya kuoshea, anasugua mpaka vidole vinachubuka, anapika tena, anahamishia tena kwenye lile dumu, na bia inatoka vilevile.

Haya, nakubali: usafi ni lazima. Chochote kinachogusa togwa la shayiri (yale maji matamu yanayochachuka kuwa bia) likishapoa kiwe kimepita kwenye dawa. Lakini usafi hauwezi kurudisha harufu iliyokwisha kuliwa na hewa.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba sisi tumetoka kwenye watu wanaolijua hili. Uchagani mbege inapikwa kwa ndizi mbivu na ulezi uliooteshwa, inatiwa msesewe, magome ya mti, ipate ule uchungu wake, na inapigiwa hesabu iwive siku ya soko au siku ya shughuli. Ikishawiva inanyweka, maana kesho yake imeshakuwa kali nyingine. Nimekulia Marangu na sijawahi kuona mama muuza mbege akiihifadhi ili "ikomae". Tukifika ughaibuni tunavaa aproni na kuanza kujifanya watengeneza mvinyo wa Ufaransa.

(Na mnaoniuliza kwenye sherehe kama "hilo gongo" litawapofusha: gongo hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kukusanywa; bia haikenekwi. Na sheria ya Marekani iliyotiwa saini na Rais Carter mwaka 1978 inaruhusu bia ya nyumbani, galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima anayeishi peke yake. Tuendelee.)

Mdogo wangu, fanya hivi. Bia ikishatulia, toa moja kwa moja kutoka ndoo hadi chupa, mdomo wa mpira ukiwa chini kabisa ya chupa isirukeruke. Sukari pima gramu 3 kwa chupa ya nusu lita, uitie humo humo kwenye chupa, badala ya kuimwaga bia kwenye ndoo nyingine ili tu uchanganye sukari. Chupa ziwe za kahawia, maana mwanga nao unaiharibu. Ni kweli kuwa hamira iliyobaki itakula sukari hiyo pamoja na sehemu ya hewa iliyonaswa shingoni, kwa hiyo mwenye chupa ana nafuu kidogo. Msiigeuze nafuu hiyo kuwa ruhusa. Wiki mbili kwenye joto la ndani, kisha friji, kisha inyweke. Ukitaka bia ya kuweka hadi Krismasi ijayo, pika ile nyeusi nzito, hiyo hata dumu la kioo sitalipigia kelele.

Kuhusu kutakata: chupa ikikaa friji siku kadhaa mashapo yanashuka yenyewe, mimina taratibu. Au inywe na ukungu wake. Seattle hapo juu watu wanapanga foleni kuilipia hivyohivyo, tena kwa bei ya chakula cha mchana.