Kabla Hamjamsingizia Simba

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja usiku ambao mbuzi wetu wanne waliliwa. Tuliishi upande wa Idodi, mkoani Iringa, ambako Hifadhi ya Ruaha haiko mbali na ukikaa kimya usiku unasikia tembo wakivunja matawi. Kulipopambazuka, zizi lilijaa watu, na kila aliyefika alitamka neno lilelile: simba. Hakuna aliyeinama kutazama chini. Saa tatu asubuhi ardhi yote ilikuwa imeshavurugwa na ndala na kwato za ng'ombe, na mzoga mmoja ulikuwa umetiwa sumu na kuburutwa hadi korongoni.

Babu alifika akiwa amechelewa. Hakubishana na mtu. Alizunguka nyuma ya zizi, upande ambao watu hawakuwa wamefika, akatafuta penye vumbi laini, akachuchumaa. Kisha akaniita: "Mjukuu wangu, njoo umwone mwizi." Palikuwa na alama ya vidole vinne, na mbele ya kila kidole kitundu butu cha ukucha. Chini ya miba, mahali mbuzi walipotolewa, udongo ulikuwa umefukuliwa. Alikuwa fisi.

Kule korongoni walikufa tai, bweha na mbwa wawili wa jirani. Fisi mwenyewe alirudi baada ya siku chache.

Tangu wakati ule naamini kwamba kijiji kinachopakana na hifadhi kinamhitaji msomaji wa nyayo kama kinavyomhitaji mkunga. Nasema hivyo kwa uchungu, maana sumu haikuishia utotoni mwangu. Mwaka 2018, katika eneo hilohilo la Ruaha, simba 6 walikutwa wamekufa kwa sumu pamoja na tai zaidi ya 70. Tai hajawahi kuingia zizini kwa mtu.

Watu hudhani ukubwa wa unyayo ndio unaosema kila kitu. Ndipo wanapokosea. Unyayo wa mbele wa fisi mkubwa unaweza kufika sentimita 10 au 11, na wa simba jike kijana hauko mbali na hapo. Anza na makucha. Simba na chui huyaficha wanapotembea, kwa hiyo alama zake kwa kawaida hazionekani. Fisi na mbwa hawawezi kuyaficha. Duma ni wa jamii ya paka lakini makucha yake hayaingii ndani kabisa, hivyo huacha vitundu. Hata hivyo usiishie hapo, kwa sababu simba anayekanyaga tope linaloteleza huweza kuyatoa. Tazama kisigino, ile sehemu pana nyuma ya vidole. Cha simba kina vifundo vitatu kwa nyuma, vimejipanga wazi. Cha fisi kimekatwa mshazari, na miguu yake ya mbele ni mikubwa kuliko ya nyuma kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Ukipata nyayo nne za mfululizo, huna haja ya kubahatisha.

Kumjua aliyekuja ni muhimu kwa sababu kila mmoja ana mlango wake. Fisi hufukua chini ya miba au hupenya penye upenyo. Chui huruka juu. Simba mara nyingi huzunguka nje, ng'ombe wakashikwa na hofu na kubomoa zizi wenyewe, halafu akawakamata gizani. Ukiongeza urefu wa ukuta kwa ajili ya fisi, umepoteza jasho lako.

Saa ya kusoma ni alfajiri au jioni, jua likiwa chini. Simama unyayo ukiwa katikati yako na jua, vivuli vitauchora. Saa sita mchana ardhi huwa bapa, hata alama ya tembo unaweza kuipita. Halafu angalia kingo: zikiwa kali, mnyama amepita karibuni, zikiwa zimeporomoka na wadudu wamepita juu yake, alishakwenda zake.

Hata wataalamu huteleza. Pale Laetoli, Ngorongoro, ambako majivu ya volkano yalihifadhi nyayo kwa zaidi ya miaka milioni 3.6, kuna alama za tembo, twiga, kanga na sungura pamoja na zile maarufu za viumbe wa jamii ya binadamu zilizofukuliwa mwaka 1978 na timu ya mtafiti Mary Leakey. Lakini nyayo nyingine tano, zilizoonekana miaka miwili kabla, zilidhaniwa na baadhi ya wataalamu kuwa za dubu. Zilifukuliwa upya mwaka 2019, na mwaka 2021 watafiti wakaandika kwamba nazo ni za viumbe wa jamii ya binadamu. Kama unyayo uliogeuka jiwe ulisomwa vibaya kwa miaka arobaini, sisi tunapata wapi ujasiri wa kuhukumu kabla ya kunywa chai?

Ninachokitaka si kikubwa. Watoto wa shule za vijiji hivi wanakariri majina ya mito ya mabara ya mbali. Wapewe na asubuhi moja kwa mwezi ya kutembea na mzee anayejua. Na kila mfugaji aweke kiberiti mfukoni. Kina urefu wa kama sentimita 5. Kiweke kando ya unyayo, piga picha ukiwa umeshika simu juu yake moja kwa moja, kisha funika unyayo kwa karai. Namjua mama aliyenyimwa kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mifugo iliyouawa na wanyamapori, kwa kuambiwa hana ushahidi, wakati ushahidi ulikuwepo uwanjani mwake hadi majirani walipoukanyaga.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinitumia picha kutoka nyumbani. Ng'ombe mmoja alikuwa ameuawa nje ya zizi lililobomoka. Unyayo ulikuwa mrefu kuliko viberiti viwili, kisigino kina vifundo vitatu, hakuna hata kitundu kimoja cha ukucha. "Mjomba, safari hii ni yeye kweli," aliandika. Walishinda wakikata miba na kuziba pale palipobomoka, wakawasha moto pande mbili, na usiku wakakesha kwa zamu.