Octavia Butler na ule mlango wa uani

Kila nikikuta mtu anamwita Octavia Butler, yule mwandishi mweusi wa Marekani wa hadithi za kisayansi, "nabii" nakereka kidogo. Najua kwa nini wanasema hivyo, riwaya yake Parable of the Sower ilitoka 1993 na hadithi inaanzia 2024, California inaungua, maji hayashikiki bei, watu wanajifungia ndani ya kuta, ukisoma leo lazima ushtuke. Lakini ukishasema nabii ni kama vile aliota tu akaamka akaandika, na huyu dada hakuota, huyu dada alipiga kazi jamani.

Kazaliwa Pasadena, California, 1947. Baba alikuwa anang'arisha viatu, akafariki Octavia bado mdogo, mama akabaki anafanya kazi za ndani kwa wazungu na saa nyingine anaenda na mtoto. Hapo ndo panaponiuma mimi. Mama anaingilia mlango wa uani, mabosi wanamsema vibaya na yeye yupo palepale, na kabinti kanasikia yote. Baadaye Octavia alikuja kukiri kwamba alikuwa anamuonea mama yake aibu, anakasirika kwa nini anavumilia, mpaka alipokua ndo akaelewa kwamba ule uvumilivu ndo uliokuwa unaweka chakula mezani. Kindred, riwaya yake ya 1979, imetokea hukohuko: Dana, mwanamke mweusi wa Los Angeles ya 1976, anavutwa kurudishwa enzi za utumwa kule Maryland, siyo mara moja, na safari ya mwisho anarudi hana mkono wa kushoto. Nilikimaliza usiku nikakaa kitandani namuwaza mama yangu alivyokuwa anafua nguo za watu, na majibu niliyokuwa nampa nikiwa kidato cha pili.

Haya, hiyo kazi yenyewe sasa. Herufi zilikuwa zinamsumbua kusoma, halafu ana aibu, mrefu kuliko wenzake wote, lakini miaka 10 tu kashamng'ang'ania mama amnunulie taipureta na mama kanunua, kwa hela ileile ya kudeki. Shangazi mtu akamwambia weusi hawawi waandishi. Mwaka 1970 akauza hadithi mbili za kwanza akadhani ametoboa, kumbe inafuata miaka mitano hauzi hata neno! Anaamka saa nane usiku anaandika, kukicha anaenda kibaruani: kuosha vyombo, kupiga simu za mauzo, kukagua krispi kiwandani. Riwaya ya kwanza ikatoka 1976. Tuzo za Hugo na Nebula, zile kubwa za hadithi za kisayansi, zikafuata miaka ya themanini, na 1995 akapewa ile ya MacArthur, ya watu wenye vipaji vya pekee Marekani, dola 295,000, hakuna mwandishi wa hadithi za kisayansi aliyewahi kuipata kabla yake.

Daftari zake zimehifadhiwa maktaba ya Huntington, pale jirani na Pasadena. Kuna ukurasa wa 1988 kajiandikia kwa mkono kwamba vitabu vyake vitaingia kwenye orodha ya vinavyouzwa zaidi, halafu anajiamuru: na iwe hivyo, hakikisha. Alifariki Februari 2006, miaka 58. Parable of the Sower iliingia kwenye orodha hiyo ya vinavyouzwa zaidi, ya gazeti la New York Times, mwaka 2020.